Kwa Nini Waya Uliopindwa Haunyooki Kama Kwanza

Katika ufuo wa Asembo Bay, upande wa kaskazini wa Ghuba ya Winam, mvuvi arudipo alfajiri na dagaa wake, ambao wenyeji huwaita omena, kazi yake haiishi kwa kuuza samaki. Hukaa kivulini akatengeneza vyombo. Mshikio wa taa umekatika, naye anauunga kwa waya. Ndoana iliyofunguliwa na mbuta mkubwa anaipinda ili irudie umbo lake. Misumari iliyong'olewa katika mbao za mtumbwi mkuukuu inagongwa juu ya jiwe mpaka inyooke, ipate kutumika tena. Kazi hizi ni za busara, maana vitu vya dukani ni ghali. Walakini mara nyingi mshikio ulioungwa hukatika tena baada ya siku chache, na desturi yake ni kukatika usiku, taa ikiwa juu ya maji. Watu husema ya kuwa waya ule ulikuwa mbaya. Pengine ulikuwa mzuri kabisa, ila ulikwisha kupindwa na kunyooshwa mara nyingi mno, wala hapakuwa na mtu aliyehesabu.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila maabara. Tangu Januari 2023, wanafunzi wa Gredi ya 7 nchini Kenya wamekuwa wakisoma sekondari msingi, na nyingi za shule hizo zimewekwa ndani ya shule za msingi ambazo hazikujengwa na vyumba vya sayansi. Lakini hakuna kijiji kando ya Ziwa kisichokuwa na kipande cha waya wa ua, spoki ya baiskeli iliyotupwa, au waya wa shaba uliotolewa katika kamba ya umeme iliyoharibika. Kwa vitu hivyo vitatu, pamoja na sindano chache za kushonea na jiko la makaa, mwalimu anaweza kufundisha mambo ambayo wataalamu walihangaika nayo kwa miaka zaidi ya mia mbili.

Na aanze na shaba. Akate kipande cha urefu wa shubiri moja, akivue gamba lake la plastiki, ampe mwanafunzi akipinde katikati kwa vidole mpaka ncha mbili zikaribie kukutana. Halafu amwambie akinyooshe, tena kwa vidole tu, bila koleo wala nyundo. Darasa zima litazame kwa makini. Waya hautafunguka pale ulipopindwa. Utaanza kupinda upande huu na upande huu wa mahali pale, na katikati patabaki nundu ndogo isiyotaka kuondoka. Mwanafunzi atasukuma, atavuta, na vidole vitamwuma, lakini nundu itabaki. Dakika moja iliyopita mahali pale palikuwa laini sawa na sehemu nyingine za waya. Sasa pamekuwa pagumu kuliko majirani zake, na kilichopita hapo ni kupindwa mara moja tu.

Ili kufahamu sababu, yapasa kwanza kutenga aina mbili za kupinda. Iko namna ya kupinda ambayo waya hurudi wenyewe, na iko namna ya pili ambayo haurudi. Namna ya kwanza huitwa kunyumbuka. Mwingereza Robert Hooke aliandika habari zake mwaka 1678, akaonyesha ya kuwa kitu kinyumbukacho huvutika kwa kiasi kile kile cha mzigo kinachotundikwa: mzigo ukiwa mara mbili, mvutiko nao ni mara mbili. Darasani yatosha kuchukua spoki na waya laini wa ua, vyote vyenye unene wa kama milimita 2, na kubana kila kimoja mezani kati ya vipande viwili vya mbao, sentimita 20 zikitokeza nje ya ukingo. Kwenye ncha kitundikwe kikombe chepesi cha plastiki. Maji ndiyo mawe ya mizani, kwa kuwa mililita 50 za maji zina uzito wa gramu 50, na kipimo cha dawa ya watoto chatosha kuyapima.

Maji hayo mililita 50 yakimiminwa, ncha ya spoki itashuka milimita 8 au 9. Na ncha ya waya laini je? Karibu kila mwanafunzi atatabiri ya kuwa itashuka zaidi sana, kwa sababu spoki ni ngumu na waya wa ua ni mnyonge. Haitakuwa hivyo. Zitashuka karibu sawasawa, madhali unene ni mmoja. Na maji yakimwagwa, zote mbili zitarudi juu. Chuma laini na feleji, yaani chuma kigumu kilichotiwa kaboni zaidi, hunyumbuka kwa kiasi kimoja. Tofauti yao haiko hapo. Iko katika mpaka. Maji yakiongezwa mpaka mililita 250, spoki itainama kama sentimita 4, na ikiondolewa mzigo itarudi kana kwamba hapakuwa na jambo. Waya laini utakuwa umekwisha kulala, wala hautainuka tena. Umevuka mpaka wa kunyumbuka, ukaingia katika namna ya pili.

Jaribio hili lina faida nyingine kwa mwalimu wa hesabu. Spoki ikirudishwa ndani hata zitokeze sentimita 10 tu, kwa maji yale yale mililita 50 itashuka milimita 1 hivi. Urefu umekuwa nusu, na mshuko umekuwa sehemu moja katika nane. Unene nao una nguvu kuliko urefu: waya wenye unene mara mbili ya mwenziwe ni mkaidi mara kumi na sita. Ndiyo sababu mafundi wa Kibuye mjini Kisumu hupinda waya mwembamba kwa mkono mmoja, na nondo ya kujengea huhitaji bomba refu na mtu mzima wa kulielemea. Mafundi hao wanajua pia ya kuwa nondo ikitakiwa kuwa na pembe fulani hupindwa kupita kidogo, kwa kuwa ikiachiwa hurudi nyuma. Kurudi huko ni ile sehemu ya kunyumbuka iliyobaki ndani yake.

Kitu gani hutendeka ndani ya waya unapopindwa? Mfano mzuri ni ndara ya mpira. Ichorwe mistari ya wima kwa kalamu ubavuni, yenye nafasi sawa, kisha ipindwe. Upande wa nje mistari itaachana, na upande wa ndani itasongamana, na katikati uko mstari ambao haukuvutika wala haukubanwa. Waya nao ni hivyo hivyo, ijapokuwa jicho haliwezi kuona. Ukipindwa kuzunguka chupa yenye upana wa sentimita 8, ngozi ya nje ya waya wa milimita 2 huvutika sehemu 1 katika 41. Ukizungushwa kwenye kijiti cha upana wa sentimita 2, huvutika sehemu 1 katika 11. Na ukikunjwa juu ya msumari wa milimita 4, huvutika sehemu 1 katika 3, na hayo ni mateso makubwa kwa chuma. Waya ni ule ule na mkono ni ule ule. Tofauti ni ukali wa kona.

Lakini mpira hurudi na waya haurudi, na hapa mfano wa ndara unakoma. Metali zote zimejengwa kwa atomi zilizopangwa kwa safu, safu juu ya safu, kama matofali katika tanuri. Waya wa chuma wenye unene wa milimita 2 una atomi zipatazo milioni 8 kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kila kundi la safu zilizoelekea upande mmoja huitwa fuwele, na waya ni mkusanyiko wa fuwele nyingi ndogo zilizoshikamana. Waya unaponyumbuka, atomi huachana kidogo na kurudiana. Unapopindika kabisa, safu huteleza juu ya safu, zikakaa mahali papya.

Wataalamu walipofanya hesabu ya nguvu inayotakiwa kutelezesha safu nzima kwa mara moja, walipata nguvu kubwa ajabu, mara mamia na hata maelfu kuliko ile inayotosha kupinda shaba kwa vidole. Hesabu ilikuwa sahihi, na vidole navyo havikusema uongo. Jibu lilipatikana mwaka 1934, pale watu watatu, G. I. Taylor wa Uingereza, na Egon Orowan na Michael Polanyi waliozaliwa Hungaria, walipoandika kila mmoja kwa upande wake jambo linalofanana. Walisema ya kuwa safu haitelezi yote pamoja. Mfano wake ni mkeka mkubwa mzito uliotandikwa sakafuni. Mtu akitaka kuusogeza kwa kuuvuta wote, atatoka jasho. Lakini akiufanyia kunjo upande mmoja, akalisukuma kunjo lile kwa mguu mpaka upande wa pili, mkeka utakuwa umesogea bila taabu. Ndani ya metali zimo kunjo kama hizo, yaani mahali ambapo safu moja imekatika na majirani zake hawakupangana vyema. Nguvu ndogo huzisogeza, na kila kunjo linapopita, metali imepinda kidogo. Kwa miaka ishirini na zaidi maneno haya yalikuwa hesabu za karatasini. Mwaka 1956 huko Cambridge kunjo hizo zilionekana kwa macho zikitembea ndani ya alumini, kwa msaada wa darubini ya elektroni.

Sasa ile nundu ya waya wa shaba ina maelezo. Waya unapopindwa, kunjo zilizomo hutembea, na mpya huzaliwa kwa wingi. Zinapokuwa nyingi hukutana, hupandana na kunaswa zenyewe kwa zenyewe, kama nyavu mbili zilizotupwa mahali pamoja. Kunjo lisiloweza kutembea haliwezi kupinda metali, na kwa hiyo mahali pale huwa pagumu. Anayejaribu kunyoosha hukuta sehemu za pembeni zikitii kwanza, kwa kuwa huko njia bado ni wazi. Basi msumari ulionyooshwa juu ya jiwe, hata ungeonekana mnyoofu kama mpya, ndani yake si mpya. Umbo limerudi, lakini msongamano umebaki.

Hatua ifuatayo ndiyo watoto wanayoipenda kuliko zote. Kila kikundi kipewe vipande vya waya wa aina mbalimbali, kivipinde nyuzi 90 upande mmoja, kisha nyuzi 90 upande wa pili, mahali pale pale, kikihesabu hadi kukatika. Hesabu ziandikwe ubaoni. Nyuso ziwe mbali, maana ncha iliyokatika huruka. Mambo matatu yatatokea kwa utaratibu. Kwanza waya utakuwa mgumu zaidi. Pili utakuwa na joto, kiasi kwamba ukiguswa upesi kwa mdomo wa juu joto litasikika, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya mkono hugeuka kuwa joto kunjo zinaposukumana. Tatu, karibu na mwisho, mkono utahisi waya umelegea ghafula. Asidhani mtu ya kuwa umekuwa laini tena. Huo ni ufa uliokwisha kuingia, na kilichobaki kushika ni sehemu ndogo. Hesabu za vikundi hazitalingana, hata kwa waya uliotoka katika fungu moja. Mwalimu asizifute zile zisizompendeza. Kukatika kwa metali huanza kwenye mkwaruzo au doa la kutu, na nyaya mbili hazina mikwaruzo sawa. Tofauti hiyo nayo ni somo.

Je, waya uliochoka unaweza kupewa uhai upya? Shaba yaweza. Kipande kilichopindwa mara kadhaa na kuwa kigumu kitiwe katika makaa mpaka kiwe chekundu, kisha kipozwe, hata kwa maji, kwani shaba haijali. Kikitolewa kitakuwa laini kuliko uzi, na kitastahimili kupindwa upya. Joto huzipa atomi uwezo wa kuhama, fuwele mpya zisizo na msongamano huota mahali pa zile za kale. Maarifa haya si mageni katika nchi za Ziwa. Wahunzi wa Samia waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali na hata kutolewa mahari, nao walijua ya kuwa chuma kilichogongwa sana sharti kirudi motoni. Katika karne ya kumi na tisa, misafara ya biashara ilipoleta masango na seng'enge kutoka pwani, watu waliozungusha nyaya hizo mikononi na miguuni kwa urembo walijifunza kwa vidole vyao wenyewe mengi ya haya yaliyoelezwa hapa.

Lakini tahadhari mbili. Waya wa ua uliopakwa zinki, wenye rangi ya mabati, usitiwe motoni kabisa, kwa kuwa moshi wa zinki huleta homa na maumivu ya kifua. Na feleji si kama shaba. Kuonyesha hili zitwaliwe sindano tatu za kushonea. Moja iachwe kama ilivyotoka dukani; ikikunjwa kwa koleo, hali imefunikwa kitambaa, itapinda kidogo na kuvunjika. Ya pili ipashwe hadi iwe nyekundu, kisha iachwe ipoe polepole juu ya jivu: itapinda kama waya wa kufungia, wala haitarudi. Ya tatu ipashwe vivyo hivyo na kutumbukizwa majini papo hapo: itakatika kama kijiti kikavu bila kupinda kabisa. Ndoana nzuri za kuvulia mbuta hutengenezwa kwa feleji ya namna hiyo, ikafanywa ngumu kwa moto kisha ikalegezwa kidogo kwa kipimo maalumu kiwandani. Mvuvi anayeipasha ndoana iliyofunguka katika makaa ili aikunje kwa urahisi ameiharibu kwa njia yo yote ile. Akiipoza polepole, samaki wa kwanza mzito ataifungua. Akiitia majini, itavunjika.

Iko hatari nyingine isiyoonekana hata kidogo. Katika majaribio yaliyotangulia waya ulipindwa sana, na jicho liliona. Lakini metali yaweza kukatika kwa mipindo midogo mno, iliyo ndani ya mpaka wa kunyumbuka, ikiwa itarudiwa mara maelfu. Mjerumani August Wöhler, mhandisi wa reli, alilichunguza jambo hili kati ya miaka ya 1850 na 1870. Ekseli za mabehewa zilikuwa zikikatika bila kuelemewa, naye akazizungusha katika mashine chini ya mzigo, akihesabu mizunguko. Aligundua ya kuwa mzigo usioweza kuvunja kitu kwa mara moja huweza kukivunja kwa kurudiarudia, na ya kuwa mzigo ukipunguzwa vya kutosha, chuma huvumilia mizunguko mingi mno. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa watu wakiwa wamekwisha kulijua hilo.

Hata hivyo dunia ilihitaji kukumbushwa, na ukumbusho ulipita karibu na Ziwa lenyewe. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg, ikitua Entebbe njiani. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza duniani ya abiria wa kulipa nauli katika ndege ya jeti. Ndege ile ile iliyoanza safari hiyo ilipasuka hewani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, wakafa watu wote 35. Tarehe 8 Aprili mwaka huo huo nyingine ikaanguka baharini karibu na Naples, wakafa 21. Wataalamu wa Farnborough walitia mwili mzima wa Comet katika tangi la maji, wakaujaza na kuupunguza msukumo tena na tena, kuiga kupaa na kutua, mpaka bati lake la alumini likapasuka kuanzia kwenye kona ya uwazi uliokatwa ubavuni. Kila safari ndege ilikuwa imevimba kidogo na kunywea kidogo, na katika kona ile palikuwa na mkazo mkubwa kuliko waliobuni walivyodhani.

Gurudumu la baiskeli la inchi 28 huzunguka mara kama 450 kwa kila kilomita, na kila mzunguko kila spoki hulegea na kukazwa mara moja. Mtu aendaye kilomita 10 kwenda sokoni na mzigo wa samaki nyuma amezipinda spoki zake mara 4,500 kabla ya kurudi nyumbani. Spoki karibu daima hukatika kwenye kiwiko, pale zinapoingia katika kitovu cha gurudumu, kwa kuwa hapo ndipo kona ilipo. Ikikatika moja, zilizobaki hubeba mzigo wake, na ya pili haikawii. Kamba ya breki nayo hufumuka uzi mmoja mmoja pale inapopinda kuingia katika mshikio. Mwanafunzi akiitazama kwa jua atahesabu nyuzi zilizokatika, na baba yake akionyeshwa ataelewa mara moja kwa nini kamba hiyo haifai kungoja wiki nyingine.

Na mvuvi wa Asembo Bay atumie waya mpya kwa mshikio wa taa yake, akauzungushe juu ya mti mnene kama kidole gumba, mara moja, bila kuurudisha ili kuulinganisha. Misumari iliyonyooshwa aiweke kwa rafu na vibao vya kukalia. Mbao za chini, zile zinazotikiswa na kila wimbi, zistahili misumari ambayo haijawahi kupinda.